Injili Nne, Barua Nne

Jumatatu, mwezi 4 Rajabu 1323 (Wadachi wanasema Septemba 1905). Bungu.

Siku ya kumi na moja bila Mwanaheri. Mke wangu kaniacha! Alisema vita vinakuja, twende kwao Mbuchi, kule kwenye mikoko askari hawatufikii. Nikamwambia vita havifiki Bungu. Mimi nimenakili vitabu vya fikihi tangu ndevu hazijaota, nije nifundishwe habari za vita jikoni? Akakunja mkeka wake akaenda. Kijiji kizima kikamfuata, hata mwadhini. Nimebaki mimi na jogoo wa jirani.

Kumfuata siwezi. Nikimfuata nitakuwa nimekubali kwamba alisema kweli. Lazima arudi mwenyewe. Jana nilimpa mkata mikoko barua ya kumpelekea: mumeo ana homa kali, njoo. Homa sina. Lakini upweke nao si maradhi?

Moshi mkubwa upande wa kusini. Wanachoma mashamba.

Jumanne, 5 Rajabu.

Mgeni! Kaja akichechemea, mguu umevimba kwa mwiba. Anaitwa Barnaba, mwalimu wa misheni, anatoka pande za Kilwa anakwenda Dar es Salaam. Mkristo. Nikasita mlangoni. Kisha nikakumbuka kuwa siku kumi na mbili nazungumza na jogoo. Nikamkaribisha, nikamchomea mhogo.

Ana Injili mfukoni. Hapo hapo shauri likanijia. Nitaivunja Injili yake hoja kwa hoja mpaka aiache mwenyewe! Watu watakaporudi watasikia Maalim Tamimu kamshinda mwalimu wa misheni peke yake, bila msaada. Mwanaheri naye atasikia. Atajuta.

Jumatano, 6 Rajabu.

Nimeanza kwa upole. Nimemuuliza kwa nini Injili ziwe nne na mwenyewe Isa ni mmoja. Akasema walisimulia watu wanne. Nikasema vyema, isnadi iko wapi? Sisi mtu akituletea habari ya Mtume tunamuuliza kaisikia kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka mwisho wa mnyororo. Huyu Luka kasikia kwa nani? Akajibu kwamba Luka mwenyewe ameandika kuwa alipokea kwa walioona. Majina yao? Hakuwataja. Haya! Nikamtolea nasaba ya Yusufu, mlezi wa Isa: Matayo anasema baba yake ni Yakobo, Luka anasema ni Heli. Yusufu yuleyule, baba wawili!

Barnaba akacheka. Akasema hilo hata yeye lilimsumbua, akamuuliza padri wake, padri akamwambia asome zaidi. Akaomba mhogo mwingine.

Sikupenda. Mtu akikubali upesi hivyo, mazungumzo yatakwisha kesho.

Muuza chumvi kapita akielekea Mbuchi. Nimempa barua ya pili, maana ya kwanza huenda imepotea. Tena homa ni kitu kidogo, haimtoi mtu kwao. Safari hii nimeumwa na nyoka.

Ijumaa, 8 Rajabu.

Nimeadhini mwenyewe. Nikangoja. Hakuja mtu. Sala ya Ijumaa haisaliwi na mtu mmoja, nikasali adhuhuri yangu. Kutoka nje, namkuta Barnaba kakaa kwenye baraza ya msikiti. Kasema hakuja kusali, kaja tu ili adhana isiite bure. Nikageuza uso, nikasingizia vumbi.

Mchana nikaendelea kumpiga kwa hoja. Nabii Isa hakusema Kiyunani, na Injili zao ziliandikwa Kiyunani. Sasa kitabu hiki cha Barnaba ni Kiswahili. Maneno yamehama nyumba mara ngapi? Nani aliyalinda njiani? Barnaba akaniuliza: watu wanne wakija kutoka Samanga wakakusimulia moto wa kule, wote kwa maneno yaleyale, neno kwa neno, utawaamini? Nikamwambia kwanza Samanga hakuna moto. Pili, hao watakuwa wamepatana njiani. Akatabasamu kama mtu aliyepata alichokitaka. Simpendi mtu anayetabasamu hivyo.

Bibi mmoja kapita na mzigo kichwani, anakwenda kwa mwanawe Mbuchi. Kapewa barua ya tatu. Nimeanguka kutoka paani, mguu umevunjika.

Jumapili, 10 Rajabu.

Jibu hakuna. Lakini leo nimepata akili! Eda! Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, tena nyumbani kwa marehemu mumewe. Kanuni hiyo nimeinakili mara saba. Kwa hiyo nikifa, Mwanaheri hana budi kuja Bungu. Atanikuta mzima, furaha itafuta hasira, mambo kwisha.

Nimeandika kwa hati nyingine, nene, ya kizee: Maalim Tamimu ametutoka, sisi tuliomzika tunakupa pole. Nikatia sahihi: Wazee wa Bungu. Nilipoisoma nimelia kidogo. Imeandikwa vizuri sana.

Barnaba kauliza hao wazee wa Bungu ni akina nani. Nimemwambia mambo ya nyumba ya mtu hayamhusu. Barua kaichukua mvuvi mmoja mwenye haraka.

Alhamisi, 14 Rajabu.

Nimefagia uwanja mara mbili. Nimejaza mtungi. Kitanda nimekikaza kamba, maana Mwanaheri hapendi kinapobonyea. Radi imelia mara tano kusini. Barnaba kasema radi gani hiyo na mbingu nyeupe. Nimemwambia zipo radi za namna nyingi.

Mguu wake unapona. Sikufurahi kuona unapona, Mungu anisamehe. Leo nilikusudia kumvunja Marko, nikasahau. Tumekaa tu tukimenya mihogo.

Jumamosi, 16 Rajabu.

Msiba! Kaja shemeji Kibwana, kaka yake Mwanaheri, na udi na ubani wa hitima yangu. Kanikuta barazani natafuna mhogo. Kapiga kelele kidogo, kisha kakaa. Halafu kanitolea barua zangu, zote nne.

Ya homa ilichelewa, ilifika Jumapili iliyopita. Mwanaheri hakungoja hata kupika. Siku ileile alishika njia kuja kwangu, na vita vyote hivi, kwa miguu. Alikuwa anakuja! Kufika Ruaruke, katikati ya njia, akakutana na mvuvi mwenye barua ya kifo. Akalia palepale njiani, mvuvi akamrudisha kwao. Nyuma yake zikafika ya nyoka na ya paani.

Nikamuuliza Kibwana, na eda je? Mbona hakuja kuikalia kwangu? Akasema imamu wa Mbuchi kampa ruhusa akae kwao, kwa kuwa njia ina hofu ya vita. Kanuni imo kitabuni. Nami nimeinakili mara saba.

Baada ya kuzisoma zote nne, Mwanaheri kampa kaka yake maneno. Ukikuta kaburi, soma hitima. Ukimkuta anakula, mwambie nimeletewa habari nne zinazopingana, nami nimeichagua ile ya wazee. Nitaikalia eda yangu mpaka siku ya mwisho. Kama ni uongo, aje mwenyewe nimwone kwa macho.

Nikasema eda ya mume aliye hai ni batili! Kibwana akasema nikamweleze mwenyewe.

Jumapili, 17 Rajabu.

Kibwana kaondoka alfajiri. Kaniambia twende, shemeji, ni mwendo wa siku mbili tu. Nimemwambia nina kazi.

Barnaba naye kaondoka. Kafunga mfuko wake, kanishika mkono. Kasema, maalim, ni kazi nzito kuwasadikisha watu kwamba aliyesemwa amekufa yu hai, yeye kazi hiyo anaifanya mwaka wa tisa. Kasema hata katika kitabu chake walioambiwa hawakusadiki, mpaka mwenyewe alipokuja akaonyesha mikono. Nenda, maalim. Usiandike.

Nikamjibu kwamba habari za Yakobo na Heli bado hajanijibu. Kasema kweli, hajajibu. Nikamsindikiza mpaka mwisho wa shamba la mihogo, nikasimama pale mpaka nisimwone. Kurudi, jogoo hayupo. Nadhani Kibwana kaondoka naye.

Jumatatu, 18 Rajabu.

Leo sijasema neno na mtu. Nimeadhini, nimesali, nimetoka nikatazama baraza ya msikiti. Tupu.

Nimefikiri sana na kosa nimeliona. Barua zangu zilipingana! Basi. Kutwa nimeandika nyingine nne, kwa hati nne tofauti, kutoka kwa mashahidi wanne, kwamba Maalim Tamimu yu hai, mzima, na vita havijafika Bungu. Maneno yaleyale, neno kwa neno. Safari hii hakuna wa kutia shaka.

Wa kuzipeleka ndiye hayupo. Njia nzima kimya. Kwa hiyo nimekata shauri: kesho nitazibeba mwenyewe mpaka Ruaruke, nitafute mtu anayekwenda Mbuchi, nimkabidhi, nirudi zangu. Huenda jibu likaja, likakosa mtu nyumbani.