Mzunguko wa Tano wa Paprika

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wazungusha Farasi,
Kaunti ya Tull, Oklahoma.

Bwana Mwenyekiti,

Natumaini u mzima, wewe na mama watoto. Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyo wangu umechafuka tangu Jumamosi, na waliouchafua ni waamuzi wako.

Mimi ni mfamasia wa miaka hamsini na nane, na huu ulikuwa msimu wangu wa kwanza katika mashindano haya ya kukimbiza farasi, kumzungusha papo hapo na kumsimamisha akiserereka. Mara tatu nimeingia uwanjani na farasi wangu jike, Paprika. Mara tatu mtangazaji wako ametamka "sifuri" kwa furaha ya mtu anayesoma namba za bahati nasibu. Mke wangu, Verlene, alinipa sharti mwezi wa Machi: nisipopata alama yoyote mwaka huu, Paprika anakwenda kwa Marlys, dada wa Verlene. Nampenda farasi huyu, Bwana Mwenyekiti. Ndiyo maana nalalamika, kama ifuatavyo:

1. Mwezi wa Mei nilipewa sifuri kwa kushika hatamu kwa mikono miwili, eti kanuni inataka mmoja. Mkono wa pili nilizaliwa nao; sikuuazima kwa jirani. Nilipouliza, mwamuzi wako, Bwana Stroud, alinijibu, "Mzee, huo mwingine utie mfukoni." Mfukoni! Na farasi anakwenda mbio kama kaiba!

2. Julai nilianza duara la kushoto, karatasi yenu ya maelekezo ikataka la kulia. Duara ni duara. Bwana Stroud achore la kulia ukutani, kisha atueleze amelijuaje.

3. Jumamosi ndiyo iliyonimaliza. Karatasi ilitaka Paprika azunguke papo hapo mara nne. Akazunguka tano. Sifuri! Katika mgahawa wowote wa kaunti hii, ukiagiza mbavu nne ukaletewa tano, unashukuru na kuacha bakshishi. Waamuzi wako wanamfukuza mpishi.

4. Chanzo ni watazamaji wenu, wenye desturi ya kupiga mayowe farasi akizunguka vizuri. Paprika anapenda sifa, walimsifu, akaongeza. Mimi nilihesabu sawasawa, tena kwa sauti, hadi nne. Kosa ni la mayowe, na kidogo la farasi asiyejua hesabu. Marlys naye alikuwa getini, akicheka hadi kofia ikamdondoka: "Shemeji, hata kuku wangu wanahesabu hadi nne!"

Kwa hiyo naomba mayowe yapigwe marufuku. Bwana Stroud apimwe macho, kisha akili. Kanuni isomeke "mara zisizopungua nne". Nami nitumiwe kwa barua alama sabini, ambazo ni za mtu asiye na kosa wala sifa, kabla Verlene hajakumbuka sharti lake.

Nisalimie wajumbe wote, mtangazaji, na mama anayeuza maharage ya pilipili mlangoni. Bwana Stroud msalimie ukipata nafasi.

Wako niliyeonewa,
Orrin Teague

Nyongeza: Nikiwa natafuta stempu, Verlene kanionyesha video aliyoichukua kwa simu. Nasikika wazi: "Moja, mbili, tatu, tatu, nne." Baada ya mzunguko wa nne Paprika anasimama mwenyewe, katulia kabisa, na mimi nampiga mateke aendelee. Nimekwenda bandani kumwomba radhi. Kanigeuzia mgongo, na ana haki. Tafadhali futeni jina langu kwenye daftari la wamiliki, andikeni la Marlys. Anakuja kumchukua kesho asubuhi, na lango nitamfungulia mimi mwenyewe.