Ndege ya Moja kwa Moja hadi Sandoa, na Kilo za Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei 2026

Shefu René, mkuu wetu wa kazi, ametangaza leo: Jumamosi ndege yetu ndogo itaanza kuruka moja kwa moja, Kolwezi hadi Sandoa. Kuzungukia Lubumbashi kumekwisha! Mpaka sasa abiria wetu wamekuwa kama mtu anayekwenda jikoni kwake kwa kupitia nyumba ya jirani. Ofisi nzima ilipiga makofi. Nilipiga pia, polepole. Mimi hukata tiketi, sipandi ndege. Nikiziona tu zikipaa, hufumba macho.

Lakini nina wazo! Mama Yolande, mama yake mchumba wangu Mbelu, anataka tangu mvua zianze kwenda Sandoa kumwona kaka yake, Tata Lukusa. Baba yake Mbelu ni marehemu. Bila neno la huyo mjomba, sioi. Barabara imemshinda mama. Sasa nikimpandisha mimi kwenye ndege ya kwanza kabisa, huyo kaka atasema nini? Nimemwekea kiti cha dirishani.

Jumanne, 5 Mei

Mbelu alifurahi mpaka akaruka. Kisha akatulia, akaniuliza abiria wanapimwa na nani.

Balaa! Ndege ni ndogo. Kila abiria hupanda mizani, karani husoma kilo zake kwa sauti. Karani ni mimi. Na sisi, familia zilizotoka Kasai, mwanamume hampi mama mkwe mkono. Hali chakula mbele yake. Akikutana naye njiani, huchepuka. Nami nimtangazie kilo zake!

Jumatano, 6 Mei

Nilimwomba Gael, mwenzangu wa kaunta, yeye ndiye ampime mama. Alicheka mpaka akashika meza. Alisema atakubali iwapo nitakwenda Sandoa badala yake, maana yeye ndiye aliyechaguliwa kusindikiza safari ya kwanza. Nilikataa haraka. Ndani ya ile ndege watu hukaa goti kwa goti. Goti langu na la mama mkwe? Afadhali nikae bila mke! Hapana, nimekosea. Si afadhali.

Jioni nimepata njia nyingine. Nitaandika kilo mapema, mama apite tu hadi kwenye benchi. Nilimuuliza Mbelu kwa kuzunguka. Anasema mama yake alipimwa mara ya mwisho kwenye zahanati, akiwa na mimba yake yeye Mbelu. Nimechukua kilo hizo. Nimepunguza kidogo, kwa ajili ya mimba. Kisha kidogo tena, kwa heshima.

Ijumaa, 8 Mei

Gael ameziona kilo nilizoandika. Aliuliza kama huyu abiria ni mgonjwa. Nilimjibu kwamba anafunga na kuomba. Akasema basi kanisa lake ni kali. Mpango ni safi. Safi kabisa.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika nikiwa Sandoa.

Mama Yolande alifika amejifunga kikwembe kipya, mwili wa neema, amebeba gunia la samaki wakavu kwa ajili ya kaka yake. Nilijificha nyuma ya mlango, nikamwashiria benchi. Rubani alimtazama mama, akatazama karatasi yangu, akamtazama mama tena. Hakugomba. Aliagiza tu mizani itolewe nje, kando ya ndege, na watu wote wapimwe upya.

Gael alikuwa akipakia mizigo. Ilibidi nisome mimi. Nilimpa mama mgongo, nikamwomba, kana kwamba nasema na upepo, ajisomee mwenyewe. Alijibu kwamba miwani ameiacha nyumbani, Manika. "Soma tu, papa, njo kazi yako! Kilo ni zangu, hauniibie kitu!"

Nikasoma. Watu waliokuja kuitazama ndege wakashangilia kama vile bao limeingia. Mama akawapungia mkono.

Lakini uzito ulikuwa umezidi! Rubani alisema gunia lishuke, au mtu. Mama akalikalia gunia. Rubani akamtazama Gael, ambaye ni mnene. Akanitazama mimi, nilivyo kama ufito. Akasema msindikizaji atakuwa huyu. Nilisema nina woga. Nilisema kuna mambo ya desturi. Shefu René alinisukuma mwenyewe kwenye ngazi.

Kiti kilichobaki kilitazamana na cha mama. Goti kwa goti! Niliinamisha macho, nikajifanya sipo. Kisha ndege ikatikisika. Nikakamata kitu cha kwanza nilichokipata, wala sikukiachia tena. Ulikuwa mkono wake.

Tata Lukusa alitungoja kando ya uwanja. Alituona tukishuka hivyohivyo. Vidole vyangu vilikuwa vimekataa kufunguka.

Jumatatu, 11 Mei

Nimerudi Kolwezi. Macho niliyafumba njia nzima.

Mjomba hakupaza sauti. Alisema tu kwamba tangu azaliwe hajaona mkwe wa namna hii. Mama Yolande alimgeukia kaka yake, akanitetea: "Yaya, mutoto alikuwa anakufa na woga, ningemuachia?" Mjomba akatikisa kichwa. Aibu lazima ifutwe, alisema. Nimpe mbuzi kabla mwezi haujaisha. Mbuzi akifika, tutazungumzia harusi. Asipofika, kuna mfanyabiashara wa Sandoa ambaye ameshamuulizia Mbelu.

Mbelu anasema jambo ni rahisi. Mbuzi wamejaa Sandoa, nimtume mtu aninunulie mmoja hukohuko. Maskini, hana mawazo makubwa. Mbuzi wa Sandoa kila mtu anaye. Lakini mbuzi aliyeshuka kutoka angani!

Kuna kikwazo kidogo: ndege yetu haichukui wanyama. Nimeshakiondoa. Kwa safari ya Jumamosi nimekata tiketi ya Bwana Kisimba, mtu mzima, hana mzigo. Koti nimeazima kwa Gael. Sasa natafuta kofia itakayoficha pembe.