Sifa Mbili za Bunduki ya Delmar

Hakujapambazuka bado, birika la kahawa likakoroma jikoni kwa Ardith Hostetler, likatema matone juu ya jiko, tsss, kisha likatulia kumpisha mtangazaji wa redio.

"Wilaya ya Kettle Run," mtangazaji akasema kwa sauti ya ibada, "inayo furaha kuwajulisha wananchi wote kwamba kuanzia leo amani imepatikana. Idara ya Sifa na Mwonekano imefunguliwa rasmi. Bunduki ya kiraia itakayokutwa na sifa mbili za kijeshi itahesabiwa kuwa ni jeshi, na itasagwa."

Ardith alikuwa ameishi miaka mingi katika vilima vile vya Pennsylvania, na hakuwahi kusikia amani ikipatikana kabla watu hawajapiga mswaki.

Akaitazama bunduki iliyolala mezani juu ya taulo. Marehemu mumewe, Delmar, ndiye aliyeiunda, kwa ajili ya mjukuu wao Tamsin. Mtutu aliununua mnadani, mtutu wa vita vya zamani, na chini yake kulikuwa na kinundu cha chuma ambacho askari walikuwa wakipachikia singe, kile kisu cha ncha ya bunduki. Kitako alikichonga mwenyewe kwa mti wa mjozi, akakitoboa tundu la kupitisha dole gumba, maana mkono wa Tamsin ulijeruhiwa na msumeno kiwandani na haukuweza tena kushika kitako cha kawaida. Tundu lile Delmar alilipiga msasa wiki nzima. Alikuwa akiingiza kidole, anatoa, anauliza, "Halitamchubua mtoto?" Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na miwili. Delmar alifariki kabla mafuta ya kitako hayajakauka.

Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unaanza kesho yake, siku ambayo shule hufungwa na hata wachumba huahirisha ugomvi. Tangu aumie, Tamsin hakuwa ameingia msituni.

"Bibi, mimi naichukua tu najiendea," Tamsin alisema alipofika. "Nani ataniona kule?"

"Kulungu watakuona. Babu yako hakuwahi kuficha kitu isipokuwa peremende. Vaa koti, twende tukaulize."

Idara ilikuwa imepewa lililokuwa duka la viatu. Karani wake, Odetta Krantz, aliwapa viti, na bila kuombwa akakigeuza kipasha joto cha umeme kielekee mkono mbovu wa Tamsin. Ardith aliliona hilo, akaliweka moyoni. Kisha Odetta akaikagua bunduki pande zote, kwa heshima, kama anayepima mtoto kliniki.

"Sifa ya kwanza, kinundu cha singe. Sifa ya pili, tundu la dole gumba. Poleni sana. Hili ni jeshi."

"Jeshi la nani?" Ardith akauliza.

"Kanuni haijasema, Bibi."

"Mwanangu, kulungu gani huyo atakayesimama angoje kuchomwa singe?"

"Kulungu hawakutoa maoni. Walialikwa kwenye kikao cha wadau, hawakutokea."

"Na tundu je?" Tamsin akadakia. "Hilo ni la mkono wangu huu, dada. Tazama."

Odetta akatazama. "Kanuni inasema dole gumba likipita ndani ya kitako, mtu anapata sura ya ukali." Akamkagua Tamsin usoni. "Kwa kweli huna. Ila kanuni haina macho."

Nyuma ya pazia mashine ya kusagia ilinguruma kidogo, ikijaribiwa.

Hapo akaingia Mkurugenzi, Bwana Thurlow Biddlecomb. Alivaa koti la kijani lenye vikanda mabegani, buti za kamba zilizopanda hadi karibu na magoti, na nywele zake zilinyolewa kama za kuruti. Aliisalimia bunduki kwanza, kisha watu.

"Kinundu!" akasema kwa masikitiko. "Leo kinundu, kesho singe, keshokutwa tumevamiwa."

"Na nani?" akauliza Tamsin.

"Ndiyo maana tunasaga mapema, kabla swali hilo halijahitaji jibu."

Ardith, kwa adabu tu, akauliza, "Bwana mkubwa, ulikuwa jeshini?"

"Hapana, mama. Nyayo zangu ni bapa, walinikataa." Akavuta koti lake chini. "Lakini sikukata tamaa. Nilianza mikono mitupu. Mtu huyu unayemwona mbele yako nimejiunda mwenyewe, kuanzia utosi hadi soli."

Ndivyo wanavyosema wakubwa wote wa nchi ile. Mtu akishapanda cheo humsahau mama aliyemzaa na mwalimu aliyemchapa, akasema amejiunda. Desturi ni kuitikia kwa kichwa, mambo yakaisha. Lakini Odetta alikuwa amekula kiapo asubuhi ileile, na kiapo kilikuwa bado cha moto.

"Samahani, bosi. Umesema umejiunda?"

"Mwenyewe!"

"Na wewe ni raia?"

"Raia mwema kabisa."

"Basi bosi ni kiunde cha kiraia, kitu kilichoundwa na raia." Odetta akaifungua kanuni. "Redio ilisema bunduki, lakini kanuni yenyewe inasema 'kiunde chochote cha kiraia.' Wewe ndiye uliyelikataa neno bunduki. Ulisema wajanja watakwepa."

Mkurugenzi akacheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Vikanda vya mabegani, hiyo moja," Odetta akahesabu. "Buti, mbili. Nywele nazisamehe."

"Odetta! Mimi nimeumbwa, sikuundwa!"

"Umekiri mbele ya mashahidi, bosi." Akamfunga lebo nyekundu ya kusagwa kwenye kifungo cha koti, taratibu, asikate uzi. "Mashine inaanza saa nane. Tafadhali usiegemee pale, ni mlango wake."

Bwana Biddlecomb akageuka kuitazama mashine. Jasho likamtoka. Ardith akamletea maji kwenye kikombe cha karatasi, maana kiu haina upande. Akanywa yote, akapaza sauti.

"Andika! Tafsiri rasmi ya Mkurugenzi: sifa isiyofanya kazi yoyote isihesabiwe!"

"Vikanda vinashika nini, bosi?"

"Hakuna! Hata njiti!"

"Na buti?"

"Mapambo! Mapambo matupu, dada yangu!"

Odetta akaifungua lebo. Kisha, kwa kuwa haki haichagui, akairudia bunduki.

"Kinundu kinafanya kazi gani, Bibi?"

"Tangu tukinunue hakijafanya hata siku moja."

"Basi hakihesabiwi. Tundu linafanya kazi, hiyo sifa moja. Moja ni uraia." Akapiga muhuri. Tamsin akapitisha dole gumba lake tunduni, akalizungusha polepole. Tundu halikumchubua popote.

Tafsiri ile ilipelekwa makao makuu ya wilaya, na wilaya ikaipokea kwa nidhamu kubwa. Kisichofanya kazi yoyote kisihesabiwe! Walianza na saa mbovu ya ukumbini, wakaenda kwenye taa za bustani, na Ijumaa wakafika kwenye cheo cha Mkurugenzi wa Sifa na Mwonekano. Hawakumfukuza. Waliacha tu kumhesabu.

Wakati huo Tamsin alikuwa amekwisha kupata kulungu wake, na Ardith akaenda mjini kumpelekea Odetta soseji za nyama ile. Alipopita kwenye ukumbi wa wilaya akamkuta Bwana Biddlecomb kwenye kiti, bila meza, bila simu, amevaa sweta la kawaida. Wapita njia walimpita pembeni kama nguzo. Ardith akaketi kando yake, akamkatia soseji kwa kisu kidogo, wakala, wakazungumza habari za theluji.

Aliposimama kuaga, Bwana Biddlecomb akamshika mkono wa koti.

"Mama Hostetler," akasema, "utapita tena? Hata kama huna kosa lolote. Pita tu."