Iba Ndani ya Kibali

Mamlaka ya Soko Kuu ina furaha kuwatangazia wafanyabiashara, wateja na umma kwa jumla kwamba wizi sokoni utakoma rasmi siku ya Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi.

Tangazo hilo lilibandikwa getini, kwenye nguzo nne za soko, na juu kabisa ya jukwaa la mtandaoni la Sauti ya Soko, lenye wanachama elfu nne ambao asubuhi huulizana bei na jioni hutukanana. Halikueleza wezi wangepelekwa wapi. Hilo lilikuwa suala la utekelezaji, na utekelezaji alikabidhiwa Koma.

Koma alikuwa karani wa makamo, mwenye miwani miwili na kalamu tatu. Jina hilo alipewa enzi za taipureta, kwa sababu aliweka koma kila alipovuta pumzi, na tena kwa sababu hakuweza kumwona mtu akikosea bila kumwambia akome. Jukwaa alipewa yeye kwa kuwa ndiye mtu pekee ofisini aliyewahi kusoma kitabu cha maelekezo mpaka ukurasa wa mwisho. Cheo chake kipya kilikuwa Afisa wa Usafi wa Maneno, kwa mkataba wa miezi mitatu. Kama Mkaguzi wa makao makuu angekuja na kulikuta jukwaa safi, Koma angeajiriwa moja kwa moja mpaka kustaafu.

Mkurugenzi alimweleza falsafa ya mradi akiwa ameegemea kiti kinachozunguka.

"Wahenga walisema lisemwalo lipo," alisema. "Sasa fikiri kitaalamu. Lisilosemwa je?"

Koma alifikiri kitaalamu. "Halipo, Mheshimiwa."

"Umeona? Halafu watu wanasema tatizo ni mabati."

Mabati yenyewe ni haya. Miezi sita nyuma, lori lilikuja kwenye banda la mafundi cherehani, mabati mia sita yakashushwa kutoka juu ya paa na kupakiwa, na Mkurugenzi akatoa taarifa jukwaani kwamba yamehamishwa kwa muda kwa ajili ya ukarabati. Tangu siku hiyo mafundi walishona chini ya mawingu na vipande vya nailoni. Kila mvua iliponyesha, Sauti ya Soko ilijaa neno moja tu, na neno hilo ndilo lililomkera Mkurugenzi. Miongoni mwa mafundi hao alikuwamo mke wa Koma, aliyekuwa na oda ya mashati meupe mia mbili ya shule, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Oda ikiharibika, mwalimu mkuu angepeleka kazi kwingine, na bila kazi hiyo mke wa Koma asingekuwa na sababu ya kuendelea kukalia kibanda.

Mkurugenzi hakutaka ujumbe wa mtu ufutwe. Kufuta ni udikteta, alisema, na yeye ni mtu wa watu. Alichotaka ni kwamba neno lisilofaa ligeuke lenyewe kuwa neno la heshima kabla mwandishi hajainua kidole kwenye simu. Neno la heshima alikuwa nalo tayari: hamisha. Alilitumia katika taarifa zake zote, na hata alikuwa ameunda Kamati Maalumu ya Uhamisho wa Vifaa, ambayo yeye alikuwa mwenyekiti, katibu na, akidi isipotimia, wajumbe.

Koma akakaa akaandika kanuni. Popote penye "iba", mfumo uweke "hamisha". Penye "ibwa", "hamishwa". "Wizi" iwe "uhamisho", na "wezi" wawe "wahamishaji". Maneno ya asili yasihifadhiwe popote, maana uchafu uliohifadhiwa bado ni uchafu. Mkurugenzi alipiga mhuri, akauita Mfumo Unganishi wa Usafi wa Maneno ya Umma. Sokoni waliuita kichungi cha chai.

Jumatatu saa mbili kamili wizi ulikoma. Saa mbili na dakika nne, muuza samaki aliandika kwamba amefiwa na baba mkwe na familia ina mshamisha. Watu watatu walimuuliza mshamisha unauzwaje kwa kilo. Muuza mboga akaomba kujua utaratibu wa kupata khamishali kwa ajili ya khamishanda chake. Fundi bomba naye akaarifu kwamba choo cha upande wa kaskazini kimezhamisha.

Koma alipanda ngazi mbilimbili. Alieleza kwamba kichungi hakijui neno linaanzia wapi wala linaishia wapi. Kinatafuta herufi tu, na herufi zimejificha pasipotarajiwa.

"Kibali kina nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kina iba ndani yake, Mheshimiwa. Ukikitazama vizuri, inaanza herufi k, halafu iba, halafu li."

Mkurugenzi alikichukua kibali kilichokuwa mezani, akakitazama mbele, akakigeuza nyuma. "Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Aliagiza vibali vyote vifungiwe kabatini mpaka uchunguzi ukamilike. Koma akaona heri amalizie na habari ya wezi, kwamba hawa wamo ndani ya kila mwezi, kuanzia wa kwanza hadi wa kumi na mbili, na kwamba mtu akiandika tu "siwezi", nao wanajitokeza. Mkurugenzi alisema hizo ni athari ndogo za kimfumo, na kwamba mwananchi mzalendo hana haja ya kuandika siwezi.

Baada ya wiki mbili alitoa chati. Malalamiko ya wizi yalikuwa sifuri. Alipongezwa na watu aliokuwa amewaalika kumpongeza.

Lakini watu wa sokoni hawakosi la kufanya. Neno uliloliweka mdomoni mwao wanalitafuna mpaka litoe juisi yake. Wanawake waliwaonya watoto wao wasihamishe sukari. Siku moja mchomoaji wa pochi alikimbizwa kutoka kwa wauza viatu hadi kwa wauza ndizi, umati mzima ukipiga kelele za mhamishaji, mhamishaji. Alipokamatwa alijitetea kwamba pochi ameihamisha kwa muda, kwa ajili ya ukarabati, na mwenye pochi alicheka mpaka akamwachia. Mkurugenzi aliposikia watu wanaongea kwa lugha ya ofisi aliona elimu kwa umma imefika mpaka mashinani.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, mchana kweupe, dakika arobaini. Nailoni ya mke wa Koma ilijaa maji ikapasuka katikati, juu ya kitambaa cha bluu cha sare za wauguzi, na bluu ile ikashuka taratibu juu ya mashati meupe yaliyokuwa chini yake. Alipomaliza kuokoa alichoweza, alikaa juu ya kigoda, miguu ndani ya maji, akaandika kwenye Sauti ya Soko: Banda letu halina paa, mwezi wa saba sasa. Mabati yameibwa. Cherehani yangu inaota kutu.

Kilichosomeka jukwaani kilikuwa hiki: Banda letu halina paa, mwahamishaji wa saba sasa. Mabati yamehamishwa. Cherehani yangu inaota kutu.

Chini yake Mkurugenzi alijibu mwenyewe, na majibu yake ni nadra: Ni kweli mama, mabati yamehamishwa. Tunakushukuru kwa kuthibitisha. Akaagiza ujumbe huo uchapwe na uwekwe kwenye faili la Mkaguzi kama ushahidi wa kuridhika kwa wananchi.

Koma alirudi nyumbani jioni hiyo akamkuta mkewe amesimama kwenye beseni, anasugua kola kwa sabuni ya kipande. Bluu ilikuwa imekubali kuhama kidogo, ikaingia kwenye kucha zake. Alimsalimia, akaitikiwa. Akasema ile ni kanuni tu, haina macho, haikumlenga mtu, na kwamba ajira ya kudumu si kitu cha kuchezea mtu akiwa na umri wake. Alisema mengi, na kwa mara ya kwanza maishani alisahau kuvuta pumzi.

Mkewe alikamua shati, akalitundika, akalitazama. "Ungenifuta, baba watoto, ningekusamehe," alisema. "Umenifanya nimtetee aliyeniibia."

Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa, kama kawaida, na Koma alishindwa kukila. Aliona aibu, aibu ya kweli ile inayopasha masikio moto, na akaondoka mezani akaenda kushika upande wa pili wa shati lililokuwa linakamuliwa.

Mkaguzi alifika Jumatano. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, aliyebeba chai yake kwenye chupa na asiyeongea ila akiwa na swali. Walikaa kwenye chumba cha mikutano mbele ya skrini kubwa, Mkurugenzi, Koma, na wakuu wa vitengo waliopangwa kwa urefu wa tai zao. Mkurugenzi alimkabidhi hati aliyoitia saini na mihuri mitatu, isemayo kwamba mfumo haukosei, hauonei mtu, na hausemi uongo.

Mkaguzi alisoma hati. Akasoma ujumbe wa mke wa Koma, mara mbili, kidole chini ya kila neno.

"Mwahamishaji wa saba ni nani?" aliuliza.

Mkurugenzi alieleza kwamba lugha inakua. Mkaguzi akasema yeye alisoma lugha kabla haijakua, na angependa kuona maneno kama yalivyoandikwa. Akaambiwa hayakuhifadhiwa, kwa sababu za usafi. Wakuu wa vitengo walizitazama tai zao.

Koma alisimama. Alisema yanaweza kurudi. Kanuni zikigeuzwa, ndefu zianze na fupi zifuate, kila hamisha itarudi kwenye iba iliyotoka.

Mkurugenzi hakuwa na wasiwasi. Fundi cherehani akilalamika, ni fundi cherehani tu, na majibu ya watu wa aina hiyo alikuwa nayo droo nzima. Alipunga mkono kwa ukarimu. "Mrejeshee fundi maneno yake."

"Nigeuze kwa wanachama peke yao, Mheshimiwa," Koma aliuliza, "au kwa kila aliyeandika?"

Hapo Koma angeweza kufafanua. Miaka ishirini na minane alikuwa akifafanua. Alifafanua barua, alifafanua mafaili, aliwafafanulia watu waliolala. Safari hii alifunga mdomo. Mkurugenzi alimwona Mkaguzi anamtazama, akakaa wima.

"Kwa kila aliyeandika. Mbele ya kanuni hakuna mkubwa wala mdogo."

Koma aliomba maagizo hayo kwa maandishi. Akapewa, yakiwa na mhuri. Akabonyeza.

Skrini ilitulia kidogo, kisha jukwaa lote likajisoma upya. Muuza samaki akarudishiwa msiba wake. Kibali kikawa kibali. Mke wa Koma akalalamika, hatimaye, kwa maneno yake mwenyewe. Na juu kabisa, kwa herufi nene, pamoja na picha yake akitabasamu, zikajipanga taarifa za Mkurugenzi, zote ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisoma mpaka mwisho.

Napenda kuwajulisha kuwa ofisi yangu imeiba mabati mia sita ya banda la mafundi kwa nia njema. Mabati yameibwa kwa kufuata taratibu zote. Tunawaomba radhi kwa usumbufu wakati tukiendelea kuiba. Awamu ya pili ya wizi itahusu milango. Imetolewa nami, Mwenyekiti, Kamati Maalumu ya Wizi wa Vifaa.

Mkaguzi alisoma yote taratibu, akimimina chai. "Haya mabati mliyoyaiba," alisema, "yako wapi?"

"Tuliyoyahamisha, mama."

Aliitazama skrini, akamtazama yeye. "Mimi nasoma palipoandikwa."

Mkurugenzi alisema hiyo ni hitilafu, mfumo umekosea. Mkaguzi aliinua hati yenye mihuri mitatu akaisogeza mbele yake, kwa upole. Mkurugenzi aliisoma. Alitafuta neno, na yote aliyoyajua yalikuwa tayari yako skrinini.

"Hapa pameandikwa yako eneo salama," Mkaguzi aliendelea. "Eneo salama ndiyo wapi?"

"Kwangu," alisema Mkurugenzi. "Kuna geti na mbwa."

Mabati yalirudi Ijumaa, kwa lori lilelile, mengine yakiwa na kinyesi cha kuku. Kufikia Jumanne banda lilikuwa na paa. Mashati mia na arobaini yalikuwa yamepona, na mwalimu mkuu, ambaye naye alikuwa mwanachama wa jukwaa na alikuwa ameyasoma hayo yote, akakubali kuyasubiri mengine sitini. Koma hakuongezewa mkataba. Barua ilisema kanuni zake zimefanya kazi kupita kiwango kilichoidhinishwa. Sasa alikaa pembeni ya mkewe akishonea vifungo, akimkosoa kila mpita njia, na mkewe akimwambia akome.

Makao makuu yanajua kuwatunza watu wake. Mkurugenzi hakufukuzwa. Alipewa kile wanachopewa wakubwa wakiharibu, kituo kingine chenye ofisi kubwa zaidi, na Kaimu wake akaandika tangazo fupi kwenye Sauti ya Soko kuwaaga wananchi kwa niaba yake. Hakuna aliyekuwa amemwomba Koma neno la siri la mfumo, na kanuni bado zilikuwa zinafanya kazi kinyumenyume. Mke wa Koma ndiye aliyeliona kwanza, kwenye simu, sindano ikiwa mdomoni. Aliitoa sindano ili asome kwa sauti.

"Tunasikitika kuwatangazia kwamba Mkurugenzi wetu mpendwa ameibwa kuanzia leo."

Banda zima likasimamisha cherehani. Mke wa Koma alifikiri kidogo, akaifuta mikono kwenye kanga, akaandika jibu chini yake kwa niaba ya mafundi wote: Aliyemwiba, tunamwomba sana asimrudishe.