Kifaru Kilichofungiwa Sakristia

Evodius Mkopi,
Fundi Redio, jirani na mashine ya kukoboa mpunga,
Ifakara.
28 Mei 1996

Kwa Mwenyekiti,
Halmashauri ya Walei,
Parokiani.

Ndugu Mwenyekiti Viktor,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeitikia, hata kama unasoma ukiwa umekunja uso.

YAH: KUFUNGIWA KWA KIFARU CHANGU NDANI YA SAKRISTIA

Nakuandikia kwa heshima zote za cheo chako, ingawa mimi ndiye niliyeshika chetezo siku ya kipaimara chako, na wewe ndiye uliyekohoa moshi wa ubani mpaka Askofu akasimama kukungoja. Hayo yamepita. Sikuyataja kwa ubaya.

Unajua kwamba nimebeba chetezo cha parokia hii miaka ishirini na miwili. Mwezi wa Februari Halmashauri yako ilikaa, ikasema Mzee Evodius anachechemea, goti limechoka, apumzike. Chetezo akapewa kijana Polycarp. Mbele yenu nilisema asante. Nyumbani nililia, na mke wangu Balbina ni shahidi, maana ndiye aliyeniletea kitambaa. Maandamano ya Ekaristi ni tarehe tisa Juni, na kwa mara ya kwanza nitayatazama nikiwa pembeni mwa barabara, nimesimama na wauza karanga. Jambo hili linaniuma, sifichi.

Ndipo nikakikumbuka kifaru. Si mnyama, ni kile cha vita, cha kuchezea, kirefu kama mkono wangu, nilichoachiwa na yule Mzungu mchimba visima aliporudi kwao, kwa kuwa nilimtengenezea redio yake. Kinakwenda mbele, kinarudi nyuma, kinakata kona, chote kwa rimoti. Nikasema, vema. Goti likae kwenye kiti, ubani utembee. Nilichokosa ni mtambo wa moshi tu, na huo nimeuunda kwa mikono yangu. Nyinyi mmeuita uchafu na kuufungia kabatini pamoja na mishumaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katibu wako, Bibi Ursula, ametangaza kwamba moshi wangu ni wa kubahatisha. Ndugu Mwenyekiti, maneno hayo yameniuma kuliko kunyang'anywa kifaru chenyewe. Mtambo huu umenichukua miezi mitatu. Wa kwanza nilitumia waya wa pasi iliyoungua na mafuta ya taa. Ulitoa moshi mara moja, mara ya pili ukatoa moto, na khanga ya Balbina ikaenda nao. Wa pili nilitumia mafuta ya kula. Moshi ulikuwa mzuri lakini ulinukia maandazi, na mbwa wa mtaa mzima wakakifuata kifaru mpaka sokoni. Wa tatu ndio ulionifundisha kazi. Waya ukizama kwenye mafuta unapoa, ukikauka unaungua. Dawa yake ni utambi wa jiko la mchina: unauzungushia waya, unakunywa kidogo kidogo, hauzami wala haukauki. Nikaweka gliserini ya duka la dawa iliyochanganywa na maji, na ubani niliousaga nikauloweka kwenye spiriti, matone machache tu. Kipangaboi kidogo kinachozungushwa na mota ya redio kaseti kinasukuma moshi nje kwa nyuma. Umeme ni wa betri ya pikipiki. Moshi unatoka mweupe, mzito, wenye harufu ya Jumapili, dakika arobaini bila kukatika. Bibi Ursula ana kitu gani hapo nyumbani kwake kinachofanya kazi dakika arobaini bila kukatika?

2. Mmenihukumu kwa tukio la Jumanne iliyopita bila kunisikiliza. Nilikitoa kifaru kwa majaribio, kwenye barabara ya mashine ya mpunga, saa nne asubuhi. Kwa usalama wa wapanda baiskeli nilikifunga kengele ya baiskeli, kikawa kinalia kila hatua. Hapo nakiri sikufikiri vizuri. Sisi wote tumelelewa tukijua kwamba ukisikia kengele na ukanusa ubani barabarani, Padre anampelekea mgonjwa Komunyo, na mtu wa dini hasubiri kuona, anapiga magoti. Mama Serafina alikuwa wa kwanza, sinia la vitumbua likiwa kichwani. Wakafuata akina mama wa mashineni na pumba zao, kisha waendesha baiskeli, mmoja akiwa na magunia mawili. Na mimi, Ndugu Mwenyekiti, niliyekuwa nimekaa kwenye benchi la duka, nilipoona watu wote chini nilishtuka, nikapiga magoti. Mbele ya kifaru changu! Rimoti ikaniponyoka, ikaingia mtaroni. Kifaru kikaenda zake mpaka mlango wa kilabu cha pombe, kikakwama kwenye kizingiti, kikaendelea kufuka. Walevi nao wakashuka kwenye viti. Hakuna aliyethubutu kuinuka kabla "Padre" hajapita, na "Padre" hakuwa akipita. Tulikaa hivyo mpaka Padre wa kweli alipofika na pikipiki, akatuuliza ni nani anayekufa.

Mnaita hiyo fedheha. Mimi nauliza, kwa miaka yote mliyohubiri dhidi ya kilabu kile, mmewahi kukipigisha magoti?

3. Mmesema kwamba chombo cha vita hakiwezi kutangulia mbele ya Ekaristi. Nimelisikia. Mzinga niliugeuza ukatazama nyuma, kwa hiyo kwenye maandamano hautamtisha mtu yeyote isipokuwa Polycarp.

4. Tukija kwa Polycarp mwenyewe, simchukii. Ni kijana mzuri, anaamkia watu. Lakini siku ya Pasaka makaa yalimzimikia kabla ya Injili, akayapepea kwa kitabu cha nyimbo, na tukaimba Aleluya bila kiitikio kwa sababu ukurasa uliungua. Kifaru changu hakipepewi. Hakichelewi Misa. Hakiwakonyezi wasichana wa kwaya. Kama sifa za kumtumikia Mungu ni utii, ukimya na kwenda unakotumwa, basi katika parokia nzima sijui ni nani anayekishinda, na wewe Mwenyekiti nakuheshimu, kwa hiyo nanyamaza hapo.

5. Kwa kuwa kimezidi waamini wengi kwa mwenendo, haifai kikae kifungoni kama mwizi wa kuku. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza kifunguliwe, kipanguswe vumbi, na Bibi Ursula akiombe radhi, hata kwa sauti ya chini. Kisha kiandikwe katika jumuiya yetu ndogondogo, nacho kitatoa mchango wake kama wengine, nitakilipia mimi. Siku ya tarehe tisa kitangulie maandamano, mimi nikiwa kwenye kiti nyuma ya pikipiki na rimoti mkononi, na Polycarp akifuata kwa miguu na betri ya akiba. Na mwakani, kama mwenendo wake utaendelea kuwa huu, nitaomba kigombee nafasi katika Halmashauri. Mtanicheka, lakini nimehudhuria vikao vyenu. Hakitakuwa cha kwanza mle ndani kuzunguka na kutoa moshi.

Mkikataa, watu wa kijiji cha Mbingu wanakitaka. Kigango chao kina kopo la maziwa lililotobolewa badala ya chetezo, na katekista wao amesema watakipokea kwa vigelegele. Msije mkasema sikuwaambia.

Nakutakia kazi njema na uamuzi wa haraka. Msalimie mkeo, na baba yako kule Sanje, umwambie ile redio yake imepona, aje aichukue. Wasalimie wajumbe wote, Bibi Ursula pia, kwa kuwa dini inatutaka hivyo. Balbina anawasalimu.

Ni mimi, mzee wako katika Kristo,

Evodius Mkopi
Mbeba chetezo (mstaafu kwa lazima)

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshailamba pale Polycarp alipobisha hodi. Alikuja na chetezo ndani ya mfuko wa rambo, macho mekundu. Anasema halali vizuri kwa hofu ya tarehe tisa, makaa yanamzimikia kila akijaribu, na anaona haya kuwaambia nyinyi. Mimi ni mtu gani nimfukuze mtoto wa watu? Nikawasha makaa, nikamwonyesha. Makaa hayataki kupepewa, yanataka mwendo: unarusha chetezo mbele kidogo, unakiacha kirudi chenyewe, hatua na mkono vinakwenda pamoja. Ili aelewe nikatembea. Tulikwenda mpaka mashineni, tukaenda kanisani, tukarudi, tukarudia tena. Mama Serafina akapiga magoti mara zote mbili. Tulipofika nyumbani Balbina alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniuliza: "Baba Theresia, na lile goti?"

Ndugu Mwenyekiti, goti haliumi. Nadhani halijauma tangu Machi. Februari nilikuwa nimeanguka na baiskeli, nikaona haya kusema, nanyi mkaona ni uzee, nami nikawaamini. Kwa hiyo futa namba moja mpaka namba tano, isipokuwa ile ya Bibi Ursula kuomba radhi. Polycarp ameomba yeye abebe kisahani cha ubani na atembee kando yangu ajifunze, na ametia sahihi yake nyuma ya karatasi hii. Kifaru kaeni nacho. Mimi nataka chetezo changu.