Mstari wa Kijani

Jumatatu, 2 Machi 1987
Mashine imefika chumba cha upasuaji. Inaonyesha mapigo ya moyo kwa mstari wa kijani. Daktari Kivuva, anayepasua, aliuliza nani anajua kuusoma. Mimi ndiye mtu wa dawa ya usingizi hapa, mwaka wa tisa. Nikasema najua. Sijui. Lakini Sista Nzilani, muuguzi, alikuwa ameshafungua mdomo kujibu.

Jumanne, 3 Machi
Nzilani ana kitabu cha midundo ya moyo. Nilimwomba, nikisema nataka kuhakikisha hakina makosa. Alisema atanipa akimaliza. Anakisoma hata akinywa chai. Nimezunguka wodi mara nne nikikichungulia. Nimechora mlima, bonde, mlima. Nadhani nimeelewa.

Jumatano, 4 Machi
Mama Syokau, uvimbe wa shingo. Katikati ya kazi mstari ukanyooka kabisa. Nikatangaza moyo umesimama, nikaanza kumkandamiza kifua. Nzilani akashika mkono wa mgonjwa, akasema mapigo yapo, waya umechomoka. Aibu! Jioni Mama Syokau aliuliza mbona amepasuliwa shingo na zinazouma ni mbavu. Nilimwambia ni kawaida.

Alhamisi, 5 Machi
Mzee Ndolo wa Kathonzweni, ngiri. Leo nilikuwa na mpango: mstari ukiharibika, nitikise waya, nitulie. Daktari akavuta utumbo. Milima ikaanza kuachana. Ikaachana zaidi. Nikatikisa waya. Nikamwambia daktari aendelee, ni waya tu. Nzilani alikuwa ameshika mkono wa mzee.

"Si waya, Bwana Mbuvi. Moyo unapunguza mwendo. Daktari, achilia utumbo. Mpeni atropini sasa."

Daktari akaachilia. Sindano ikaniponyoka, ikavunjika sakafuni. Nzilani akavuta dawa nyingine, akadunga yeye. Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo. Polepole milima ikakaribiana. Upasuaji ulipoisha nilitoka nje nikatapika kando ya tangi la maji.

Ijumaa, 6 Machi
Mzee Ndolo ameomba uji. Mkewe alinishika mikono yote miwili, akashukuru sana. Sikumrekebisha.

Daktari Kivuva aliniita. Hakufoka, na hiyo ndiyo mbaya. Alisema mzee angetufia mezani kwa sababu mimi niliona aibu kusema sijui. Kuanzia Jumatatu Nzilani atanifundisha kusoma mstari, kila siku saa nane.

Nilimweleza kwa heshima kwamba saa nane sitapata nafasi. Natayarisha mafunzo ya midundo ya moyo kwa matabibu wa Makindu. Mwalimu ni mimi. Barua ya kuwaalika imeshaenda posta.