Msafara wa Wajumbe Kumi na Mkimbiaji

Kamati Kuu ya Ustawi wa Miguu, ambayo mimi ni Katibu wake mwaka wa kumi na mbili sasa, inautangazia umma kwamba msafara wetu wa mashindano makuu ulikamilika mapema kwa asilimia tisini na moja. Wajumbe kumi walikuwa wameshashonewa suti. Kilichobaki ni mkimbiaji tu.

Mkimbiaji mwenyewe alikuwa mmoja, binti wa mita elfu tano. Mwaka uliopita alichanika kano ya kisigino katika kambi yetu, kwenye shimo ambalo Kamati ilikuwa imelikagua mara mbili na kuliridhia. Tulimpelekea kadi ya pole. Matibabu tukamwachia mwenyewe, asije akazoea kudekezwa. Akauza kitanda, akauza jokofu, asubuhi akawa anafua nguo za watu na jioni anafanya mazoezi. Chakula alikula kwa shangazi yake, mwanamke mwenye mdomo usio na breki.

Siku moja wakaja wote wawili ofisini, ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa kwenye mchakato.

"Shikamoo mzee," binti akasema. "Nimekuja kuomba hela ya matibabu ya kisigino."

"Marahaba. Ngazi umepanda mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi umepona." Nikaandika kwenye faili: amepona.

"Haya," Shangazi akadakia, "kama amepona, mwandike kwenye msafara."

"Mama, mgonjwa atasafirije? Si mmekuja kuomba matibabu?" Nikaandika chini yake: mgonjwa.

"Hivi nyie, mkirudi nyumbani mnalala kweli?"

Nikamjulisha kwamba usingizi wa wajumbe unashughulikiwa na idara nyingine.

Binti hakucheka. "Mzee, nina miaka thelathini na mbili. Nisipokwenda safari hii, basi tena. Sina kingine ninachokijua." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikakoroga chai yangu kwa masikitiko.

Umma uelewe ugumu wa kazi hii. Nafasi zilikuwa kumi na moja, na ile ya kumi na moja Mwenyekiti alitaka aipate shemeji yake, Mshauri wa Hali ya Hewa. Sasa mkimbiaji humfuti hivi hivi, watu wana maneno. Unamtungia kanuni. Nikaitunga kabla ya chakula cha mchana: kila atakayesafiri na msafara akimbie mita elfu tano uwanjani kwa muda usiozidi dakika kumi na tano na nusu, ndani ya siku saba, akisimamiwa na mtu wa msafara. Hilo la "kila atakayesafiri" lilikuwa fahari yangu, maana lilionyesha hatumwonei mtu. Mwenyekiti akapiga mihuri mitatu, akawatumia nakala waandaaji wa mashindano, ndio watoa tiketi, wajue kwetu hakuna mchezo.

Siku ya sita binti akakimbia. Mzunguko wa tisa akaanza kuchechemea, nikafungua faili.

"Kaza mwanangu!" Shangazi alipayuka kutoka kwenye uzio. "Kaza, wasikucheke hawa!"

Akakaza. Dakika kumi na tano na sekunde ishirini na moja. Akaanguka kwenye nyasi, analia na kucheka kwa pamoja. Nikaitikisa saa, pengine ina hitilafu. Shangazi akaninyang'anya, akawatumia waandaaji picha yake.

Kesho yake waandaaji wakaandika: tumepokea muda wa mtu mmoja, tiketi yake tumeshaitoa, tunasubiri wa wengine kumi. Mwisho ni leo jioni.

"Waambie sisi ni viongozi," Mwenyekiti akaniagiza.

Nikapiga simu. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya adabu mno. "Kanuni ilisainiwa na nani?"

"Na Mwenyekiti."

"Basi bila shaka ataifurahia."

Saa nane mchana, jua la utosi, tukajipanga uwanjani. Msimamizi alitakiwa awe mtu wa msafara, na mwenye tiketi alikuwa mmoja tu. Akaja na begi lake la safari, akapuliza filimbi. Mshauri wa Hali ya Hewa, aliyekuja akitumaini mmoja wetu atashindwa, aliketi kwenye kona ya kwanza, akilalamikia hali ya hewa. Mweka Hazina alitapika. Mimi niliomba maji. Shangazi akayaleta mpaka puani, akayanywa yeye.

Mwenyekiti peke yake alimaliza mzunguko, akakumbatia nguzo ya goli.

"Binti yangu," akahema, "andika tu kumi na tano. Hayo ya kisigino tutayazungumza."

Binti akaitazama saa, akampa mwenzangu mmoja aishike, akatupia begi begani.

"Bado mizunguko kumi na moja na nusu, Mwenyekiti," akasema. "Nendeni taratibu tu, wazee wangu. Mimi nawahi ndege."